Watoto na waliosahaulika hawafiki kwenye kikundi chetu cha wafiwa. Tufanyeje?

SWALI

Ndugu washauri, salaam.

Tunaendesha kikundi cha kujitolea cha kuwafariji wafiwa. Tuko wawezeshaji saba na sote tumepata mafunzo mafupi ya ushauri nasaha. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi, asubuhi, kwa saa mbili, bila malipo yoyote. Tumebandika matangazo yanayosema wazi kwamba wote wanakaribishwa. Hata hivyo wanaokuja ni karibu watu wa aina moja: watu wazima waliosoma, wengi wao wajane wa ndoa, wenye nauli na wenye muda.

Mama mmoja alileta watoto wake, wa miaka sita na kumi na mmoja. Walikaa kimya mpaka mwisho na hawakurudi. Kijana kiziwi alikuja na mama yake ambaye ndiye aliyemtafsiria. Naye hatukumwona tena. Dada mmoja aliondoka katikati ya kikao baada ya kuulizwa marehemu alikuwa nani wake, kwa kuwa waliishi pamoja bila ndoa. Wakimbizi tunajua wapo jirani na tunajua wamefiwa, lakini hajafika hata mmoja. Baadhi yetu wanaona watoto ni heri waachwe wasahau; wengine wanaogopa kuwatonesha. Tunataka kubadilika na mfuko wetu ni mdogo. Tuanzie wapi, na mtoto aambiwe nini?

Mratibu wa kikundi

JIBU

Ndugu Mratibu, hongereni, na poleni na kazi.

Barua yenu imebeba sehemu kubwa ya majibu, kwa sababu kila aliyeondoka aliwaonyesha kilichomzuia. Watoto walikuta kikao cha watu wazima. Kijana kiziwi alipewa mkalimani ambaye naye ni mfiwa. Dada yule aliulizwa habari za ndoa mahali alipofuata pole. Wakimbizi hawakukuta lolote, kwa kuwa tangazo halikuwa kwa lugha yao wala halikuwepo wanapopita. Tangazo la "wote mnakaribishwa" humfikia yule anayejua tayari kwamba yumo katika hao wote. Waliobaki inabidi muwafuate walipo, na kila kundi liandaliwe kwa namna yake.

Tuanze na watoto, maana hapo ndipo mna shaka kubwa.

Mtoto haachwi asahau, kwa sababu hasahau. Mtoto mchanga hukosa sauti, harufu na mikono aliyoizoea. Hulia zaidi, hukataa chakula, usingizi huvurugika. Wa miaka 2 hadi 5 huamini aliyekufa atarudi, ndiyo maana anaweza kuambiwa asubuhi na jioni akauliza baba anarudi lini. Kati ya miaka 5 na 8 wengi huanza kushika mambo manne: kwamba aliyekufa harudi, kwamba kila kilicho hai hufa, kwamba mwili uliokufa haufanyi kazi yoyote, na kwamba kifo kina chanzo katika mwili. Umri huo huo mtoto bado huamini kwamba wazo au neno lake linaweza kuua. Aliyemwambia kaka yake "ufe!" wakati wa ugomvi anaweza kubeba siri hiyo kwa miaka. Kuanzia miaka 9 hivi uelewa wake unakaribia wa mtu mzima, ila maneno ya kuutoa ni haba. Kijana wa miaka 13 na kuendelea huelewa kila kitu na huficha kila kitu, kwa sababu hataki kuonekana tofauti na wenzake.

Mwaka 1999 watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara anakabili pengo lililoachwa, mara anashughulikia maisha yanayoendelea. Kwa mtoto mwendo huo ni wa haraka sana. Analia dakika tano, kisha anaomba mpira. Mtu mzima akiona hivyo husema ameshasahau, na kuanzia hapo hakuna anayemuuliza tena. Kumbe alikuwa anapumzika tu, na huzuni itarudi kesho wakati wa kuvaa viatu.

Sasa maneno. Tumieni neno lenyewe: "Baba amekufa." Kisha elezeni maana yake: "Kufa ni mwili kuacha kufanya kazi. Hapumui, moyo haupigi, hasikii baridi wala njaa wala maumivu, na hawezi kuamka tena." Ifuate sababu, kwa sentensi moja ya kweli: "Alikuwa na ugonjwa mkubwa sana wa moyo, madaktari wakajaribu dawa, haukupona." Maneno "mkubwa sana" yasiachwe, bila hayo mtoto atadhani kila mafua yanaua. Mwisho mwambieni kitakachotokea kwake yeye: "Leo utalala kwa shangazi. Kesho asubuhi nitakuja kukuchukua." Halafu nyamazeni. Akiuliza, jibuni alichouliza, msizidishe. Asipouliza, ajue anaweza kuuliza wakati wowote, hata swali lile lile mara kumi. Na ataliuliza mara kumi, kwa sababu hivyo ndivyo mtoto anavyojaribu kama jambo bado ni kweli.

Maneno ya kupoza makali ndiyo yanayoleta taabu. "Amelala" humfanya mtoto aogope kulala, au aogope mama akilala. "Amesafiri" humfanya asubiri, na baadaye aamini kwamba aliachwa bila hata kuagwa. "Tumempoteza" humfanya mdogo ashangae kwa nini hamwendi kumtafuta. "Mungu alimpenda zaidi, akamchukua" humwachia hofu kwamba wema ndio wanaochukuliwa, au hasira ambayo hathubutu kuitamka. Familia isizuiwe hata kidogo kumweleza mtoto imani yake. Kinachotakiwa ni utaratibu: kwanza ukweli wa mwili, ndipo imani ya nyumbani.

Yako maswali matatu ambayo karibu kila mtoto aliyefiwa anayo, hata asipoyatamka. Je, ni mimi niliyesababisha? Je, mimi au mama tutakufa pia? Nani atanitunza? Yajibuni bila kungoja kuulizwa. La kwanza: "Hakuna ulichofanya, ulichosema wala ulichowaza kilichosababisha haya." La pili lina mtego, kwani mlezi hushawishika kuahidi kwamba hatakufa kamwe. Mtoto ameshaona kwamba watu hufa. Ahadi hiyo itamfanya asiamini na mengine. Aseme: "Watu wengi huishi mpaka wazeeke, nami natarajia kuishi miaka mingi." La tatu lijibiwe kwa jina la mtu halisi, na mtu huyo awe ameshaombwa na kukubali. Mlezi ambaye bado hajapata jibu hilo mnaweza kumsaidia kwa kukaa naye na kuorodhesha nani angefaa.

Aliyekufa kwa kujiua, kwa kuuawa au kwa ulevi wa dawa za kulevya naye aelezwe kwa ukweli huo huo, maana mtoto ataambiwa mtaani au shuleni, na uongo wa nyumbani ukifichuka mtoto hubaki peke yake na habari nzito. "Alikufa kwa kujiua. Akili yake iliugua mpaka akashindwa kuona njia nyingine. Hukulisababisha, na halikuwa jukumu lako kulizuia." Namna alivyojiua haielezwi kwa undani.

Kuhusu mazishi, mtoto aulizwe kama anataka kwenda, baada ya kuelezwa atakachokiona: nani atakuwepo, watu watalia, mwili utakuwa wapi, utafanywa nini. Akienda, awe na mtu mzima wake mmoja ambaye si mfiwa mkuu, aliye tayari kutoka naye muda wowote. Asipotaka, kubalini, na mpeni njia nyingine ya kuaga: barua, mchoro, au kulitembelea kaburi siku ya baadaye.

Sasa kikundi chenyewe. Watoto waondoeni kwenye kikao cha Jumamosi cha watu wazima na muwatengenezee chao. Makundi ya umri yanayofanya kazi ni miaka 3 hadi 5, 6 hadi 8, 9 hadi 12, na 13 hadi 17. Mkiwa saba, msijaribu yote. Anzeni na mawili, 6 hadi 8 na 9 hadi 12, kila moja likiwa na watoto sita hadi wanane na wawezeshaji wawili. Kundi la wadogo likiwa na watoto watukutu ongezeni wa tatu. Hao ni wanne au watano. Wawili au watatu waliobaki wakae na walezi chumba cha pili muda huo huo. Ndugu wawili wa tumbo moja wakitofautiana umri, kama wale wa barua yenu, wagawanywe: mkubwa akikaa na mdogo humlinda badala ya kuomboleza.

Mara moja kwa mwezi ni mbali mno kwa mtoto wa miaka sita. Kila kikao kitakuwa kama cha kwanza. Kutaneni kila baada ya wiki mbili, siku na saa ile ile, kwa vikao 8 hadi 10. Saa moja inatosha kwa wadogo, saa moja na nusu kwa vijana. Saa ya wadogo igawanyike hivi: dakika 10 za kukaa duara, kila mmoja akitaja jina lake na nani aliyekufa, au akisema "napita"; dakika 35 za mchezo na kazi za mikono; dakika 10 za kufunga kwa jambo lile lile kila mara, iwe wimbo au mshumaa; dakika 5 za kuwakabidhi kwa walezi. "Napita" iheshimiwe kabisa. Mtoto anaweza kupita vikao vitatu mfululizo kisha akazungumza cha nne, na vikao vile vitatu havikupotea, kwa sababu alikuwa anasikia kwamba wapo wengine kama yeye.

Vifaa havina gharama kubwa. Karatasi, kalamu za rangi, udongo wa kufinyanga, wanasesere wa familia, gari la wagonjwa la kuchezea, mto wa kupiga kwa mwenye hasira, na sanduku la kadibodi kwa kila mtoto la kuwekea picha, kipande cha nguo au kitu chochote cha marehemu. Anayetaka kuigiza hospitali au mazishi mara nne mfululizo aachwe aigize. Nchini Marekani, The Dougy Center ya Portland, Oregon, imekuwa ikiendesha vikundi vya namna hii tangu mwaka 1982, ikigawa watoto kwa umri, kwa uhusiano na marehemu, na kwa aina ya kifo. Mgawanyo wa mwisho nanyi mtauhitaji mkikua: mtoto aliyeshuhudia mauaji ana mambo ambayo mwenzake aliyefiwa na babu kwa maradhi hapaswi kuyasikia. Kwa sasa, mtoto akianza kueleza kwa undani jambo la kutisha, mwezeshaji amwambie kwa upole, "Hilo ni zito, nataka kulisikia vizuri, tutalizungumza wewe na mimi," na kweli amtafutie muda huo siku ile ile, wakikaa mahali ambapo mtu mzima wa pili anawaona.

Makosa tunayoyaona yakirudiwa ni machache na yanazuilika. Mwezeshaji hufasiri mchoro ("nyeusi hii ni huzuni yako, siyo?") badala ya kusema, "Naona umepaka nyeusi huku pembeni, nieleze." Humkumbatia mtoto ambaye hakuomba. Humwambia mvulana awe mwanamume wa nyumba sasa. Huahidi siri ya moja kwa moja, kisha mtoto anasema anapigwa nyumbani, na ahadi inavunjika. Semeni hivi tangu siku ya kwanza: "Tunayozungumza yanabaki hapa, isipokuwa nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini, hapo nitamweleza mtu anayeweza kusaidia, na nitakuambia kabla." Pia mtu mzima yeyote asikae peke yake na mtoto mahali pasipoonekana, na kila mwezeshaji atoe wadhamini wawili wanaomfahamu kabla hajaanza. Wanaotaka kuwadhuru watoto hutafuta hasa watoto waliobaki bila mlinzi.

Chumba cha walezi msikifanye ukumbi wa kungojea. Mtoto atakuwa nanyi saa moja kila wiki mbili. Muda uliobaki wote yuko na mlezi. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Irwin Sandler na wenzake walibuni programu ya familia zilizofiwa iliyowaweka watoto na walezi katika vikundi sambamba kwa vikao 12, wakafuatilia familia hizo kwa miaka mingi, na faida ikaendelea kuonekana. Kiini cha kazi kwa walezi kilikuwa malezi ya kawaida: kumsikiliza mtoto bila kumkatiza, kuwa na muda wake peke yake, ratiba ya kula na kulala isiyoyumba, na adhabu isiyobadilika kwa sababu ya huruma. Mlezi aliyefiwa mara nyingi huachia kila kitu kwa huruma, kisha hulipuka kwa uchovu. Mtoto huona dunia imelegea kila upande. Wafundisheni hayo, na muwape nao nafasi ya kulia mbali na watoto. Kulia mbele ya mtoto si kosa pia, mradi mlezi aseme: "Ninalia kwa sababu namkumbuka baba. Nitanyamaza, kisha tutakula."

Shule nayo ijulishwe kwa ridhaa ya mlezi na, kwa mkubwa, ya mtoto mwenyewe. Mwalimu anahitaji kujua mambo machache: nani amekufa, mtoto anataka darasa liambiwe nini, na ishara gani atatumia akitaka kutoka nje dakika kumi bila kuhojiwa. Matokeo ya mtihani yakishuka miezi kadhaa baadaye, si uvivu.

Tuje kwa kijana kiziwi. Viziwi wengi huzaliwa katika familia zinazosikia, na si zote zinazojua lugha ya alama vizuri. Maana yake ni kwamba habari za ugonjwa, simu ya usiku na minong'ono ya jamaa vyote vilimpita. Aliona tu watu wanalia. Kazi ya kwanza kwake ni kumsimulia kilichotokea kuanzia mwanzo, kwa lugha ya alama, kwa picha na kwa mpangilio wa siku. Mama asitafsiri: hawezi kuomboleza na kutafsiri kwa pamoja, naye kijana hawezi kusema anachomkasirikia mama kupitia mikono ya mama. Tafuteni mkalimani asiye ndugu. Kikao kikizidi saa moja wanahitajika wawili, wakipokezana kila dakika 20 hadi 30, kwa sababu akili ya mkalimani huchoka na makosa huanza kuingia bila yeye kujua. Mpeni maelezo mapema, majina ya marehemu yakiwemo. Kaeni duara, mwanga uwe usoni mwa wasemaji na dirisha lisiwe nyuma yao, na azungumze mmoja mmoja. Kilicho bora kuliko hayo yote ni mtu mzima kiziwi kuwa mwezeshaji mwenza; chama cha viziwi kilicho karibu nanyi kitawasaidia kumpata, na mafunzo mliyopewa nyinyi apewe naye. Kijana huyo atafutwe sasa, kwa ujumbe wa maandishi unaomwendea yeye mwenyewe.

Kwa asiyeona, badilisheni michoro kwa udongo, vitambaa, sauti iliyorekodiwa na vitu vya marehemu vya kushika. Mwelezeni chumba anapoingia na msihamishe viti vikao vikiendelea. Mwenye ulemavu wa akili au usonji hushika ukweli kwa maneno ya moja kwa moja yanayorudiwa, kwa picha za ratiba, na kwa kupelekwa kuona: kitanda kitupu, kaburi. Mafumbo hayamsaidii. Huzuni yake huweza kutokea kama kupiga, kukojoa kitandani au kujikwaruza, wiki au miezi baadaye, na jamaa hudhani ni ulemavu umezidi. Kosa kubwa hapa ni kumhamisha nyumba siku chache baada ya mama kufa, akiwa bado hajaelezwa, hivyo akapoteza mtu, kitanda na ratiba kwa mpigo.

Dada aliyeondoka alikutana na kile ambacho mtaalamu wa mambo ya huzuni, Kenneth Doka, alikieleza mwaka 1989: huzuni ambayo jamii haiitambui. Wamo humo wapenzi wasio na ndoa, mtalaka, mama aliyeharibikiwa mimba, mfanyakazi wa nyumbani aliyefiwa na mtoto aliyemlea, mfungwa, na wote ambao ndugu yao alikufa kwa UKIMWI, kwa kujiua au akiwa mhalifu. Badilisheni swali la kwanza. Badala ya "Marehemu alikuwa nani wako?" ulizeni "Ungependa tumwite nani?" Na tangazo liseme wazi: "Kama umefiwa na mtu uliyemjali, karibu. Hatuulizi mlikuwa na uhusiano gani, wala alikufaje." Sentensi hizo fupi zitafanya kazi kuliko karatasi mia.

Wakimbizi, na wote wasio na hati, huogopa daftari. Andikeni jina analotaka kuitwa, umri na namba moja ya dharura, basi. Msiulize hati, msipige picha. Mkalimani wao asiwe mtoto wa familia, na kabla ya kumchagua ulizeni kama wanaridhia jinsia yake na upande anakotoka, kwa sababu aliyekimbia vita anaweza kumwona mkalimani kama adui. Kutakuwa pia na waliopotelewa na ndugu wasiojulikana kama wako hai. Mtafiti Pauline Boss ameandika mengi kuhusu upotevu wa namna hiyo usio na uhakika. Usimlazimishe mtu huyo kusema "amekufa," wala usimpe tumaini usilo nalo. Msaidieni kuyashika yote mawili, kwamba huenda yuko hai na huenda hayuko, na kuendelea kulea watoto waliopo. Haifai kumweka duara moja na wanaozungumzia kaburi.

Namna ya kuwafikia: msianze na karatasi ukutani, anzeni na watu. Orodhesheni watu kumi ambao waliotengwa tayari wanawaamini: mkunga, kiongozi wa dini yao, muuguzi wa kliniki ya dawa za kufubaza virusi, mwalimu wa elimu maalumu, mkuu wa kambi, msimamizi wa makazi ya watoto wa mtaani. Kaeni na kila mmoja nusu saa, mkimuuliza wafiwa wake wanashindwa nini, na kama mnaweza kwenda kwake badala ya wao kuja kwenu. Huduma ya wazee wa kike wa benchi la urafiki iliyoanzishwa Zimbabwe mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda ilionyesha, kwa tatizo la msongo na sonona, kwamba mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri na kusimamiwa anaweza kutoa msaada wa kweli akiwa amekaa nje ya kliniki. Wafundisheni wawili au watatu kutoka ndani ya kila jamii, na msiwaache bila msimamizi wa kuzungumza naye kila wiki mbili.

Mfuko mdogo utumike kwa mpangilio huu: nauli ya familia zisizo nayo, irudishwe taslimu siku ile ile mlangoni, mkalimani, chakula chepesi, mtu wa kukaa na watoto wachanga, kwa sababu binti wa miaka kumi na minne anayelea wadogo zake hawezi kuja bila wao. Vifaa vya michezo vije mwisho. Anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kuacha Jumamosi asubuhi. Muulizeni saa yake. Na mjane anayefukuzwa nyumbani hatasikia neno lenu mpaka apate msaada wa kisheria, hivyo wekeni namba za msaada wa sheria na ustawi wa jamii tayari, mpige naye simu, msimkabidhi karatasi tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011, linaeleza kazi hiyo kwa maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. La tatu ndilo linalosahaulika.

Asiyeweza kusafiri apigiwe simu ya dakika ishirini kila wiki. Anzeni kila simu kwa "Unaweza kuzungumza sasa?" na mkubaliane neno atakalotumia mtu mwingine akiingia chumbani, kwa kuwa simu nyingi ni za familia nzima.

Mjue pia mpaka wenu. Mtoto au mtu mzima akisema anataka kumfuata marehemu, muulizeni waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halipandikizi wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, vitu vya kujidhuru viondolewe, na afikishwe kwa mtaalamu wa afya siku hiyo hiyo. Pelekeni pia asiyekula au asiyelala vizuri kwa wiki mbili, mtoto anayeshindwa kabisa kwenda shule, na yule ambaye hamu kali ya marehemu inamzuia kuishi kila siku muda mrefu baada ya msiba. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, unaweka mpaka wa miezi 6 kwa ugonjwa wa huzuni ya muda mrefu. Ule wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, uliosahihishwa mwaka 2022, unaweka miezi 12 kwa watu wazima na 6 kwa watoto na vijana. Hiyo haina maana kwamba anayelia mwezi wa nane ni mgonjwa. Kinachotazamwa ni kama maisha yamesimama.

Pangeni mapema jinsi mtakavyofunga mzunguko wa vikao, kwa sababu kwa mtoto aliyefiwa kila kitu kinachoisha ghafla ni kifo kingine. Idadi ya vikao itajwe siku ya kwanza na ichorwe ukutani, ili watoto wenyewe wafute kimoja kila wakija. Vikibaki vitatu, zungumzeni juu ya kuagana. Mwezeshaji anayeacha kazi aje kuaga mwenyewe. Kikao kikiahirishwa, kila mlezi apigiwe simu kabla mtoto hajavaa nguo za kutoka, na baada ya kikao cha mwisho mlezi apigiwe tena mwezi mmoja baadaye, kisha katika siku ya kumbukumbu ya kifo na mwanzo wa muhula mpya wa shule.